Kaka ameipiga picha ECG ya baba, simu imejibu “hatari kubwa ya kifo”

Shikamoo Daktari.

Mimi ni msomaji wako wa Tanga, binti wa pili katika familia ya watoto wanne. Baba yetu ana miaka 58. Ni fundi seremala, na hadi mwaka juzi alikuwa akishusha mbao garini mwenyewe na kuziingiza karakana. Presha anayo siku nyingi, ila dawa alikuwa anameza akijisikia vibaya tu, akipata nafuu anaacha. Mwaka jana akaanza kuvimba miguu na kukohoa usiku, ikawa hawezi kulala mpaka aegemee mito. Hospitali wakasema moyo umetanuka. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha EF, sehemu ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kila unapominya, ni asilimia 30.

Mwezi uliopita alirudi kliniki akapimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Foleni ilikuwa kubwa. Daktari akatuandikia dawa, akasema ECG “si nzuri sana” na turudi baada ya miezi mitatu. Hakueleza zaidi, na sisi hatukuuliza. Karatasi tulipewa. Juu yake mashine imechapa kwa Kiingereza: QRS 162, QTc 496, LBBB, na kwamba yapo mapigo ya ziada kutoka vyumba vya chini vya moyo.

Kaka yetu mkubwa anafanya kazi Muscat. Nilimtumia picha ya hiyo karatasi kwa WhatsApp. Akaiingiza kwenye programu ya akili bandia ya simu yake, akaiuliza mzee ataishi muda gani. Ikamjibu kwamba mgonjwa huyu ana “hatari kubwa ya kifo”, na maelezo marefu juu yake. Akaendelea kutafuta mtandaoni, akakuta habari ya watafiti wa Uingereza waliotengeneza programu inayosoma ECG na kutabiri kifo kwa usahihi wa asilimia 78. Tangu hapo haambiliki. Anasema mzee ana asilimia 78 za kufa, na yote hayo ameyaweka kwenye grupu la familia ambalo baba hayumo, lakini shangazi na binamu wote wamo.

Nyumba imegawanyika. Kaka anataka baba aache kazi, karakana ipangishwe, na wosia uandikwe kabla ya Ramadhani. Shangazi amekasirika, anasema ajali, yaani siku ya mtu kufa, anaijua Mungu peke yake na kumpigia mtu hesabu za kufa ni kumwitia kifo. Mama hajaambiwa, ila anaona watu wananong’ona kila simu inapoita. Baba mwenyewe ameshaniuliza, “Mbona siku hizi mnanitazama hivyo?” Nikamjibu hakuna kitu.

Juu ya hayo, rafiki wa kaka ambaye ni mfamasia amemtajia dawa inaitwa flecainide, kwamba inanyamazisha mapigo ya ziada. Kaka ameshainunua na anataka kumpa mtu anayekuja huku mwisho wa mwezi. Anasema mapigo yakinyooka kwenye karatasi, hatari nayo itakuwa imeondoka.

Daktari, kweli ECG inaweza kujua mtu atakufa lini? Tumwambie baba au tunyamaze? Na hiyo dawa tumpe? Naogopa kukosea.

Binti wa Fundi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na mama na mzee mwenyewe.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Dawa hiyo baba asipewe. Hata ikishafika nyumbani, hata kidonge kimoja cha kujaribu, asipewe. Mpigie kaka yako leo umwambie.

Sababu yake ina historia, na naomba umsimulie kaka yako yote, maana wazo alilonalo waliwahi kuwa nalo mabingwa wa moyo wa dunia nzima. Miaka ya 1980 ilikuwa inajulikana kwamba mtu aliyepona shambulio la moyo, ECG yake ikiwa na mapigo mengi ya ziada kutoka vyumba vya chini, yuko katika hatari zaidi ya kufa ghafla kuliko mwenzake asiyekuwa nayo. Utabiri huo ulikuwa wa kweli. Madaktari wakasema, basi tuyaondoe mapigo na hatari itaondoka. Dawa zilikuwepo, flecainide ikiwa mojawapo, na kwenye karatasi zilifanya kazi vizuri. Wagonjwa wengi mno waliandikiwa kabla mtu hajauliza kama wanaozimeza wanaishi zaidi.

Swali hilo liliulizwa Marekani katika utafiti ulioitwa CAST. Walichukuliwa watu ambao dawa ilikuwa imeshathibitika kuyatuliza mapigo yao, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakaendelea na flecainide au ndugu yake encainide, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Watu 1,498 kwa jumla. Mwaka 1989 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati wake, na hesabu zilizochapishwa 1991 zilionyesha waliokufa kwenye dawa ni 63, na kwenye vidonge vitupu ni 26. Mapigo yalikuwa yametulia na watu walikuwa wanakufa zaidi.

Tangu wakati huo flecainide haipewi mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika. Inawasaidia watu wengine wenye shida ya mapigo ambao misuli ya moyo yao ni mizima. Baba yako si mmoja wao, na kwa ECG kama yake kuna la pili: dawa hii hupunguza kasi ya umeme ndani ya moyo, wakati umeme wa baba tayari unachelewa. Mfamasia huyo hakuiona eko, hakumuona mgonjwa. Sitamlaumu kwa alichoulizwa juujuu, lakini jibu lake lisivuke bahari.

Sasa tuje kwenye swali lililowatisha wote. ECG haijui mtu atakufa lini. Inachoweza kueleza ni hatari, na kati ya hatari na siku ya kufa pana umbali mkubwa.

Habari aliyoisoma kaka yako, kwa ulivyoieleza, ni ya programu iliyopewa jina AIRE, ya watafiti wa Imperial College London. Utafiti wao ulichapishwa Oktoba 2024 katika jarida la The Lancet Digital Health. Ni kazi nzuri, sina la kuibeza. Programu ilifunzwa kwa ECG zaidi ya milioni moja za wagonjwa wa hospitali moja kubwa ya Boston, kisha ikajaribiwa kwa makundi ya watu wa Marekani, Brazili na Uingereza. Ile 78 ndipo kaka yako alipopotea, na nadhani wengi wamepotea naye kwa sababu ya vichwa vya habari vilivyoandikwa.

Maana yake ni hii. Chukua wagonjwa wawili ambao mmoja alifariki kabla ya mwenzake. Ipe programu ECG zao bila kuiambia kilichotokea, uiulize nani alitangulia. Ukirudia zoezi hilo kwa jozi nyingi, katika kila mara 100 itapatia kama mara 78. Ungerusha shilingi ungepatia mara 50. Basi. Hiyo ni namba inayoipima programu, kwamba ina uwezo gani wa kuwapanga watu kwa mafungu ya hatari. Haisemi lolote kuhusu uwezekano wa mtu mmoja kufa. Kijana mzima wa miaka 20 angepimwa na programu hiyohiyo, usahihi wake ungebaki 78, na hakuna ambaye angesema kijana huyo ana asilimia 78 za kufa.

Na kuna jambo ambalo pengine kaka yako hakulitazama: hakuitumia programu hiyo. Zile za utafiti husoma mawimbi yenyewe kama mashine ilivyoyarekodi, maelfu ya vipimo ndani ya sekunde kumi. Alichokifanya yeye ni kuipa programu ya mazungumzo picha ya karatasi iliyokunjwa, iliyopigwa Tanga chini ya taa na kupita WhatsApp. Kwa kiasi kikubwa ilichosoma ni yale maandishi ya juu, EF kama aliitaja, na umri. Ikatunga jibu kutokana na yaliyoandikwa na watu kuhusu maneno hayo. Hata hayo maandishi ya juu hutolewa na mashine ya ECG yenyewe, na mashine hukosea. Ndiyo maana karatasi hiyo inatakiwa isomwe upya na daktari kwa macho yake.

Lakini sikufichi: hatari ipo. Hali ya baba yako ni ugonjwa mzito hata kama simu isingesema kitu. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa THESUS-HF, uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, wastani wa umri wao miaka 52 tu, na kwa karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha, kama kwa baba yako. Ndani ya siku 180 karibu 18 katika kila 100 walifariki. Hao walikuwa wamelazwa, hali zao mbaya zaidi ya mzee anayekwenda karakana kwa miguu yake. Lakini namba hiyo huwa inanirudia kila ninapomuona mtu wa umri huo ameacha dawa kwa sababu “amepata nafuu”.

Mimi swali ninalolipa uzito ni la namna nyingine: mtu akishajulikana kuwa yuko kwenye hatari, anafanyiwa nini? Kuna utafiti wa Taiwan, nao wa 2024, ambao kwangu una thamani kuliko hiyo habari ya 78. Wagonjwa 15,965 wa hospitali waligawanywa makundi mawili. Kundi moja, programu ikiona ECG ya hatari, daktari wa mgonjwa alitumiwa tahadhari. Kundi la pili hakuna tahadhari. Baada ya siku 90, waliofariki walikuwa asilimia 3.6 kwenye kundi la tahadhari na 4.3 kwenye jingine. Hakuna mgonjwa aliyetangaziwa kifo. Kilichotokea ni daktari kushtuka mapema, kurudi kwa mgonjwa, kuagiza vipimo vingine na kumweka kwenye uangalizi wa karibu zaidi. Kazi ya utabiri ni hiyo.

Basi tuifanye kazi hiyo na karatasi ya baba yako. Itoe uiweke mbele yako.

Utaona ina visanduku vidogo na vikubwa. Kwa mwendo wa kawaida wa karatasi, kisanduku kidogo kimoja kwa upana ni milisekunde 40. Lile wimbi refu lenye ncha ndiyo QRS, herufi alizozichagua Mholanzi Willem Einthoven zaidi ya miaka mia iliyopita, na linaonyesha muda ambao umeme unachukua kusambaa kwenye vyumba vya chini. Kwa moyo mzima halizidi visanduku vitatu, yaani milisekunde 120, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. La baba ni 162, visanduku vinne na kidogo. LBBB ni kwamba njia ya umeme ya upande wa kushoto imeziba, hivyo umeme unafika kwanza kulia, halafu unazunguka polepole kwenye misuli mpaka kushoto. Pande mbili za chumba kikuu zinaminya kwa nyakati tofauti, kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja wasiopatana mkono: nguvu inatumika na chombo hakisogei ipasavyo.

Hilo huongeza hatari kweli. Huko Italia waliwafuatilia wagonjwa 5,517 wenye moyo kushindwa kufanya kazi. Mmoja katika kila wanne alikuwa na LBBB, na vifo vya mwaka mmoja vilikuwa vingi zaidi kwa hao. Utafiti ulichapishwa 2002. Watu wengi wakisoma hapo hufunga ukurasa wakalia, na ndipo nataka wewe usome mbele, kwa sababu LBBB ni mojawapo ya dalili chache za hatari zenye tiba yake mahususi. Iko betri ya moyo ya aina maalumu inayopeleka umeme pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 2005 utafiti wa CARE-HF, wa Ulaya, kwa wagonjwa 813, ulionyesha kwamba betri hiyo ilipunguza vifo kwa asilimia 36 juu ya faida ya dawa. Wanaonufaika zaidi ni wenye LBBB, QRS ya 150 au zaidi, na EF isiyozidi 35. Linganisha na karatasi ya baba yako.

Hapo hapo nikuzuie usiruke hatua. Hakuna daktari makini atakayeamua kuhusu betri kabla mgonjwa hajameza dawa sawasawa, kwa dozi iliyopandishwa taratibu, si chini ya miezi mitatu, kisha eko irudiwe. Wako ambao EF yao hupanda kwa dawa peke yake hata betri isihitajike tena. Dawa hizi si za kutuliza dalili tu. Mwaka 1999 metoprolol ilionyeshwa kupunguza vifo kwa asilimia 34, na mwaka huohuo spironolactone kwa asilimia 30 kwa wagonjwa waliokuwa hoi. Kuna kundi la enalapril na losartan, na miaka ya karibuni imeongezeka dapagliflozin, ambayo awali tuliijua kama dawa ya kisukari. Kwa hiyo mkibishana nyumbani kuhusu namba za kufa, huku mzee anameza vidonge siku za kujisikia vibaya tu, mnabishana pembeni ya jambo lenyewe. Hakuna programu iliyoiona sahani yake ya dawa. Hiyo mnaweza kuibadilisha kuanzia kesho asubuhi.

QTc ya 496 nayo inahitaji maelezo. QT ni muda wote wa moyo kuminya na kujichaji upya (QTc ni QT hiyo ikishasahihishwa kwa kasi ya mapigo), na ikirefuka kupita kiasi, hasa kuzidi 500, moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya fujo yanayoua. Ila QRS ikiwa pana kama ya baba, inairefusha QT kwenye karatasi bila hatari kuwa kubwa kiasi hicho, hivyo daktari ataikokotoa upya. Huku mkisubiri, yapo mambo mawili ya kushughulikia. La kwanza ni potasiamu kwenye damu. Dawa za kukojoza maji kama furosemide huishusha, na ikishuka QT hurefuka. Spironolactone na losartan huipandisha, na ikipanda sana nayo ni hatari. Hivyo apimwe damu, na wakati huo asifanye mazoea ya kunywa madafu mengi kila siku kwa nia ya kujenga mwili, maana madafu yana potasiamu nyingi. La pili ni dawa za dukani. Erythromycin, azithromycin, fluconazole na kwinini zote hurefusha QT. Akiugua malaria atibiwe, asicheleweshwe, lakini mhudumu aambiwe kwanza kuhusu moyo na hiyo QTc ndipo achague dawa. Na diclofenac, ambayo kwa mafundi wenye migongo inayouma ni kama chakula, aiache kabisa pamoja na ibuprofen: zinabakiza maji mwilini na kuusukuma moyo uliodhoofika kwenye kulazwa.

Nimeandika mengi kuhusu karatasi kwa sababu nataka uingie kliniki unajua unauliza nini. Msisubiri miezi mitatu iishe. Nendeni ndani ya wiki mbili, mbebe karatasi yenyewe pamoja na fotokopi yake, maana karatasi za ECG hufifia hadi zikabaki nyeupe. Bebeni ripoti ya eko na paketi zote za dawa anazomeza, za miti shamba zikiwemo. Ulizeni kama LBBB imethibitishwa na daktari, kama dozi zinaweza kupandishwa, potasiamu na figo zikoje, na kama apewe rufaa. Rufaa hiyo ikiandikwa, huenda ikawa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ambako betri za moyo huwekwa. Gharama zikiwashinda, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo mlango wa kwanza wa kugonga, na mgonge mapema kabla ya siku ya matibabu.

Sasa baba. Mwambieni. Nyumba zetu nyingi humficha mgonjwa kwa mapenzi, na mapenzi hayo siyadharau hata kidogo. Lakini baba yako ameshajua kuna jambo. Amekuuliza, ukamjibu hakuna kitu, na sasa anabaki peke yake na dhana zake, ambazo huenda ni mbaya kuliko ukweli. Moyo ni wake na karatasi ni yake. Na bila yeye kujua kwa nini, hatameza dawa siku anazojisikia vizuri. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko QRS.

Si lazima apewe namba. Kaa naye baada ya chakula, mama akiwepo, mwanze hivi: “Baba, uliniuliza nikakujibu hakuna kitu. Kipo. Ile karatasi ya moyo imeonyesha umeme wa moyo wako unachelewa upande mmoja. Kuna tiba, na tunataka tukae na daktari sote. Unataka nikueleze yote ninayoyajua, au tukamsikilize yeye?” Halafu umuache achague. Wako wanaotaka kujua kila kitu na wako wanaosema, nipe dawa tu nitameza. Wote wana haki. Akikuuliza waziwazi kama atakufa, usimdanganye na usimhukumu. Mwambie ugonjwa ni mkubwa, na kwamba wenye ugonjwa kama wake wanaofuata matibabu wanaishi zaidi na kwa nguvu zaidi kuliko wasiofuata. Hayo yote ni kweli.

Shangazi yako asipuuzwe. Anaposema ajali ni ya Mungu, hakuna daktari mwenye akili atakayempinga, na hakuna kipimo nilichokitaja hapa kinachodai kujua ajali ya mtu. Mwombeni awe upande wa dawa. Shangazi mwenye sauti katika familia akimuuliza mdogo wake kila jioni “umemeza?” anaweza kufanya kazi ambayo mimi kliniki siwezi.

Kaka yako ana hofu ya mtu aliye mbali, asiyeweza kumshika baba yake mkono, na hofu hiyo imegeuka amri. Muelewe, lakini uwe thabiti naye. Mambo ya afya ya baba yaondolewe kwenye grupu, na kuanzia sasa hakuna karatasi inayotumwa kwa yeyote bila ruhusa ya mwenyewe. Nawe ulipomtumia kaka hukukusudia ubaya, ila utaratibu uanze hapo. Wosia ni jambo jema kwa mtu yeyote mwenye mali na watoto, mzima au mgonjwa, na akitaka baba ataandika kwa wakati wake. Usiletwe mbele yake ukiwa umefungwa pamoja na majibu ya simu. Karakana msimnyang’anye. Kutembea na kazi nyepesi ni nzuri kwa moyo uliotulia. Mbao nzito zibebwe na vijana, yeye apime, achore, asimamie. Kama kaka anataka kutuma kitu kutoka Muscat, atume mashine nzuri ya presha ya mkononi na nauli ya Dar es Salaam.

Nimebakiza la dharura, na hili msingojee kliniki. Akizimia hata kwa sekunde chache, au moyo ukimwenda mbio huku anahisi kizunguzungu, au uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu na miguu kuvimba, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akianguka, akawa haitikii na hapumui kawaida, mmoja akatafute gari na msaada, mwingine apige magoti pembeni yake, aweke viganja viwili kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, aminye kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama mpaka msaada ufike. Wafundishe hivyo ndugu zako wote mlio nyumbani, na wale vijana wa karakana pia, kwa kuwa mchana kutwa wao ndio wanaokuwa naye.